Raha Yenye Haya: Mhakiki wa Fasihi Mbele ya Sinema za Wanyonya Damu

Utangulizi

Wapo walimu wa fasihi ambao rafu zao za sebuleni husema jambo moja na droo zao zilizofungwa kwa ufunguo husema jingine. Mhadhiri anayezungumziwa katika makala haya ni mmoja wao. Kwa zaidi ya miaka ishirini amefundisha ushairi wa kale na riwaya ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya. Mgeni aingiapo sebuleni kwake hukuta tendi, diwani na riwaya zimepangwa kwa kufuata miaka ya kuchapishwa kwake. Asichokiona mgeni huyo ni diski tatu zilizomo katika droo ya chini ya meza ya kazi: Blade ya mwaka 1998, Blade II ya 2002 na Blade: Trinity ya 2004. Ya kwanza mhadhiri ameitazama mara nyingi hata hesabu imempotea. Huitazama usiku, sauti ikiwa imepunguzwa, na mtu akipiga hodi runinga huzimwa kabla ya kuitikiwa karibu.

Haya hiyo haitokani na dini wala na hofu ya mizimu. Chanzo chake ni taaluma. Mhakiki aliyelelewa katika imani kwamba fasihi ya dhati huielimisha jamii ilhali fasihi pendwa huiliwaza tu, hupata tabu kukiri kwamba kazi inayomvuta zaidi mwisho wa juma ni ile ya upanga, bastola na meno marefu. Makala haya yanadai kwamba haya ya mhadhiri huyu ipo, na ina sababu, ila imeelekezwa mahali pasipo pake. Katika filamu hizi kuna jambo linalostahili kumwonea mtu haya, nalo silo alilokuwa akilificha.

Shujaa wa jarida la senti chache

Blade hakuzaliwa katika sinema. Alibuniwa na mwandishi Marv Wolfman pamoja na mchoraji Gene Colan, akatokea kwa mara ya kwanza mwaka 1973 katika toleo la 10 la The Tomb of Dracula, jarida la katuni lililochapishwa Marekani na kampuni ya Marvel. Kuwapo kwenyewe kwa jarida hilo kulikuwa tunda la marufuku iliyolegezwa. Itakumbukwa kwamba mwaka 1954 kamati ya Seneti ya Marekani ilichunguza madai kwamba katuni za kutisha ziliwaharibu watoto. Kwa kuhofia kuingiliwa na serikali, wachapishaji walijitungia kanuni ambazo, miongoni mwa mambo mengine, ziliwafukuza wanyonya damu kurasani. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 1971. Wanyonya damu wakaruhusiwa kurudi, kwa sharti kwamba wachorwe kwa kufuata jadi ya kazi kama vile Dracula ya Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897, na za waandishi wengine wanaoheshimika na kusomwa shuleni.

Jambo hili linafaa kuzingatiwa na yeyote anayefundisha fasihi. Mnyonya damu alirejeshwa kwa hati ya maktaba. Alipewa ruhusa ya kuingia kwa sababu alikuwa na mjomba mwenye heshima. Mpaka baina ya kazi ya kuonewa fahari na kazi ya kuonewa haya uliwekwa na kamati, na kamati ikausogeza ilipoona faida ya kufanya hivyo.

Katika jarida, Blade alikuwa binadamu mweusi mwenye visu vya mbao. Sumu ya wanyonya damu haikumdhuru kwa kuwa mama yake aliumwa na mmoja wao wakati wa kumzaa. Filamu ya 1998, iliyoandikwa na David S. Goyer na kuongozwa na Stephen Norrington, ilikwenda mbali zaidi. Ilimfanya nusu mtu, nusu mnyonya damu: ana nguvu zao na kiu yao, lakini mwanga wa jua haumwunguzi. Kiu hiyo huituliza kwa kudungwa dawa iliyotengenezwa na mzee Whistler, aliyeigizwa na Kris Kristofferson. Blade mwenyewe aliigizwa na Wesley Snipes. Filamu iligharimu takriban dola milioni 45, ikaingiza zaidi ya dola milioni 130 duniani kote, miaka miwili tu baada ya Marvel kuomba ulinzi wa sheria ya kufilisika mwishoni mwa 1996. Msururu mrefu wa sinema za mashujaa wa katuni uliofuata katika karne hii ulitanguliwa na mtu huyu mweusi mwenye miwani myeusi, ijapokuwa waandishi wa historia ya sinema hizo mara nyingi humsahau.

Utamu wenyewe

Ni nini basi kinachomrudisha mhadhiri kwenye droo? Jibu limo katika dakika za mwanzo za filamu ya kwanza. Kijana mmoja anaongozwa na mwanamke mrembo kupitia machinjioni, katikati ya mizoga iliyoning'inizwa, hadi katika ukumbi wa dansi uliofichwa nyuma yake. Muziki unavuma. Ghafla mabomba ya kuzimia moto yaliyo darini yanafunguka, na yanachomwaga si maji bali damu. Wachezaji wanashangilia na kufunua meno. Kijana anaelewa, kwa kuchelewa, kwamba ukumbini mna mtu mmoja tu asiye na meno hayo, naye ni yeye. Anapigwa, anaanguka, anatambaa sakafuni hadi anapokutana na jozi ya viatu vyeusi. Hapo ukumbi unabadilika. Waliokuwa wakicheka wanarudi nyuma. Shujaa hajainua silaha, na tayari vita vimeanza katika nyuso za maadui.

Mtu aliyefundisha tendi kwa miongo miwili hawezi kukosa kuutambua ufundi huu. Mtunzi wa utendi aghalabu hapotezi beti nyingi kuichambua nafsi ya shujaa. Humtanguliza kwa sifa zake, kisha humleta uwanjani ambapo jina lake limekwisha kufanya nusu ya kazi. Chuo cha Herekali, ambacho nakala yake ya kale inayojulikana ni ya mwaka 1728, kimejaa mapigano, majigambo na miili inayoanguka. Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unamhusu shujaa asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Blade naye anasalitiwa na damu yake: mama aliyedhani alikufa siku ya kuzaliwa kwake anamkuta hai katika nyumba ya Deacon Frost, adui yake mkuu, akiwa mmoja wao.

Kazi hizi hazilingani kwa uzito. Lugha ya filamu ni nyembamba mno ikilinganishwa na lugha ya Kijumwa. Hata hivyo ni vigumu kueleza kwa nini kichwa kinachoanguka katika ubeti wenye vina kiitwe jadi, na kinachoanguka katika sinema kiitwe upuuzi. Mhadhiri aliitumia tofauti hiyo kila siku darasani na hakuwahi kudaiwa aithibitishe.

Wala raha yake haikuwa ya kupokea kila kitu bila kuchagua. Anajua kwamba filamu ya pili, iliyoongozwa na Guillermo del Toro, ndiyo yenye jicho la mchoraji. Anajua vilevile kwamba katika ya tatu, iliyoongozwa na Goyer mwenyewe, mizaha ya vijana waliopachikwa kando ya shujaa imemfanya awe kama mgeni katika hadithi yake. Huo ni uhakiki. Kilichokosekana ni mtu wa kuusikia.

Mumiani darasani

Mwaka mmoja mwanafunzi wa shahada ya uzamili alimletea mhadhiri pendekezo la utafiti. Kijana huyo alitaka kuziweka pamoja filamu ya kwanza ya Blade na masimulizi ya mumiani. Hoja yake ilikuwa kwamba mnyonya damu wa Ulaya ni mwinyi wa ngome, mwenye joho na lafudhi ya kigeni, ilhali wa Afrika Mashariki hakuwahi kuwa na ngome. Neno mumiani lilijulikana pwani tangu zamani kama jina la dawa nyeusi iliyoletwa kwa biashara, ambayo watu waliamini ilitengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika enzi ya ukoloni imani hiyo ilivaa sare. Mijini, kuanzia Nairobi hadi Kampala, watu walisimuliana kwamba wazimamoto, askari na watumishi wa hospitali waliwakamata wapita njia usiku ili kuwatoa damu, hata jina la wazimamoto likawa sawa na la wanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliyachunguza masimulizi hayo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires, na kuyasoma kama njia ya watu kuieleza hali ya kazi, ujira na mamlaka iliyowazunguka.

Mnyonya damu wa masimulizi haya hana meno. Ana gari, sindano, shimo na mshahara. Mwanafunzi alionyesha kwamba filamu ya Blade iko karibu zaidi na mumiani kuliko na Dracula. Wanyonya damu wake hukaa mezani kama wakurugenzi wa kampuni. Wana mali, wana kumbukumbu ndani ya kompyuta, na wana watumishi binadamu waliochorwa alama ya bwana wao. Mmoja wa watumishi hao ni polisi mwenye sare. Kisha akataja yale mabomba ya kuzimia moto yanayomwaga damu. Hakudai kwamba waliotengeneza filamu waliwahi kusikia habari za Nairobi. Alidai tu kwamba mtazamaji wa Nairobi ambaye bibi yake alimwonya juu ya gari la wazimamoto huliona tukio hilo kwa macho ambayo mtazamaji wa Los Angeles hana.

Mhadhiri aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Alikuwa amelitazama tukio lile kwa miaka mingi, naye alilelewa kwa hadithi zile zile, lakini mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Alijua papo hapo kwamba pendekezo lilikuwa zuri. Alijua pia kwamba kulijadili kungemlazimu kusema amejuaje. Akachukua kalamu akaandika pembeni: "Mada haina uzito wa kifasihi. Tafuta matini."

Mwanafunzi hakubisha. Alisema, "Asante, mwalimu," akafunga mlango polepole. Wiki mbili baadaye alirudi na mada kuhusu dhima ya methali katika riwaya moja ya mtaala. Tasnifu ikaandikwa, ikatetewa, ikapita. Ni kazi isiyo na kosa. Iko maktabani, na hakuna dalili kwamba mtu ameifungua tena, akiwemo msimamizi wake.

Jioni ya siku ile ile pendekezo lilipokataliwa, mhadhiri aliitazama filamu tena.

Kiu na dawa

Katika filamu kuna tukio ambalo watazamaji wengi hulipita haraka wakisubiri mapigano. Blade amekaa kitini, amefungwa mikono, ameuma kitu ili asipige kelele, anadungwa dawa ya kumtuliza kiu. Mwili wake unaizoea dawa hiyo, na kila mara anahitaji zaidi. Akitoka hapo huvaa joho, huchukua upanga, na kwenda kuwaua wale wanaotaka kile anachokitaka yeye.

Usiku ule mhadhiri alijiona humo. Naye alikuwa na kiu aliyoipimia kipimo chumbani, mlango ukiwa umefungwa, kisha akatoka asubuhi kuwawinda wenye kiu hiyo hiyo. Mwanafunzi wake aliadhibiwa kwa kunywa hadharani. Hata hivyo ulinganisho huu una mpaka, nao haumpendelei mhadhiri. Blade haikani kiu yake. Mwishoni, daktari Karen Jenson, mtaalamu wa damu aliyeigizwa na N'Bushe Wright, yuko tayari kumtafutia tiba itakayomfanya binadamu kamili. Blade anaikataa kwa kuwa kazi yake haijaisha na anazihitaji nguvu zile. Anabaki jinsi alivyo mbele ya mtu anayemjua. Mhadhiri hakuwa na mtu aliyemjua hivyo.

Majivu

Yumkini msomaji atadhani kwamba makala haya yanataka kumsafisha mhadhiri na filamu zake kwa pamoja. Sivyo. Katika sinema hizi kuna haya ya kweli, na imo katika jambo linalopendeza macho kuliko yote: majivu. Kila mnyonya damu anayechomwa kwa fedha au kupigwa na jua hugeuka cheche na vumbi, kisha hutoweka. Hakuna maiti ya kubebwa, hakuna jamaa wa kulia, hakuna kaburi, hakuna kesi. Mtazamaji hufurahia mauaji kwa mamia na anapoinuka kitini hana deni. Ni ufundi wa kompyuta, lakini pia ni ufundi wa kuipumzisha dhamiri.

Tendi hazikufanya hivyo. Liyongo, baada ya kuchomwa, alikwenda kisimani akapiga goti, akaweka mshale utani, akafa katika mkao huo. Watu wa mji waliogopa kuteka maji wakidhani yu hai, na mamaye akaja kumbembeleza. Maiti ile ilikuwa na uzito. Mji mzima ulishikwa na kiu kwa sababu yake. Filamu ya Blade haina mahali pa maiti ya namna hiyo. Haina pia nafasi ya kutafakari tendo lake zito zaidi: ili kuupata ushindi wa mwisho, shujaa anainywa damu ya Karen. Mwanamke msomi, aliyegundua kwa akili yake kemikali ya kuwaangamiza maadui, anahitajika sasa kwa mishipa yake. Anajitolea, naam, lakini shujaa amekuwa kile anachokiua, na mapigano yanafuata upesi mno kiasi kwamba swali halipati pa kukaa.

Swali hilo si la sinema pekee. Masimulizi ya kunyonywa damu hayakwisha pamoja na ukoloni, na hayabaki katika masimulizi. Mwaka 2017, katika wilaya za kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi yaliyowatuhumu kuwa wanyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha baadhi ya wafanyakazi wake kutoka Mulanje na Phalombe. Kila aliyewashambulia watu wale yumkini alijiona kuwa mtetezi wa kijiji, mwenye kujua kwa hakika nani ni nani. Sinema humpa mtazamaji hakika hiyo bure: meno yanaonekana, na kosa halitokei. Huko Malawi hakuna hata mmoja wa waliouawa aliyegeuka majivu.

Hitimisho

Sinema hizi zitatazamwa, iwapo idara za fasihi zinaridhia au haziridhii. Zilitazamwa katika vibanda vya video, zikatazamwa katika diski zilizouzwa njiani, na sasa zinatazamwa katika simu. Wesley Snipes alipolivaa tena joho lile katika Deadpool & Wolverine mwaka 2024, wapo watazamaji walioshangilia ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka filamu ya kwanza. Anayeweza kuwaonyesha vijana hao uhusiano wa mumiani na mabomba ya darini, au kuwauliza maiti zimekwenda wapi, ni mhakiki aliyezipenda filamu hizi na kuzichunguza kwa wakati mmoja. Aliyezidharau bila kuzitazama hana la kuwaambia. Aliyezitazama kwa siri analo, ila amelifungia drooni, na kwa kulifungia amemnyima mwanafunzi wake matini, na idara yake utafiti ambao hadi leo haujaandikwa.

Mhadhiri hajamwomba radhi yule mwanafunzi, ambaye sasa anafundisha katika shule ya upili mbali na jiji. Barua ameianza mara mbili, na mara zote mbili imekwama katika sentensi ya kwanza, inayopaswa kueleza alijuaje kwamba pendekezo lilikuwa zuri. Alichofanya ni kuitoa filamu ya kwanza drooni na kuiweka katika rafu ya sebuleni, miongoni mwa riwaya za mwishoni mwa miaka ya tisini, mahali pake kwa kufuata mwaka. Ya pili inangoja. Ya tatu ingali imefungiwa, na kwa hiyo sababu ni ya kihakiki.